Sufuria Kutoka Mlimani

Somo: 2 Samweli 23:13–17

  Twazungumza nanyi kutoka Kishushe, huku chini ya milima ya Taita, mahali ambapo milima inakwisha na nyika ya Tsavo inaanza. Wengine wenu mmelisikia jina la Kishushe kwa ajili ya mawe yake ya chuma, na wengine kwa ajili ya ndovu. Habari ya chuma tunawaachia wanaoijua. Ndovu watapita kidogo katika mazungumzo yetu, bila kualikwa, kama ilivyo desturi yao. Lakini jambo letu la leo ni zawadi.

Twasema zawadi, wala hatusemi mchango. Mchango tunaujua sana katika nchi hii. Mtu husimama mbele ya kipaza sauti, jina lake likatangazwa pamoja na kiasi alichotoa, watu wakapiga makofi, na mwenye daftari akaandika. Makanisa yetu mengi na madarasa mengi ya shule yamejengwa hivyo, nasi hatuna neno la kuudharau mchango. Tena iko zawadi ya desturi, ile inayotolewa kwa sababu siku yake imefika. Mchungaji akihamishwa, hupewa saa ya ukutani. Sisi tumehamishwa mara nne, na katika nyumba yetu zimo saa nne za ukutani, na kila moja ina wakati wake. Twamshukuru Mungu kwa kila saa, na kwa kila mkono uliochanga. Hata hivyo, hakuna mtu aliyewahi kutusikia tukisema kwamba tunahitaji saa.

Zawadi tunayotaka kuizungumzia ni ile ambayo hukuitazamia, wala hukuiomba, wala siku yake haikuwa imefika. Na ulipoifunua ulitambua kwamba rafiki yako alikusikia siku ile ulipodhani hakuna anayesikiliza.

Ilikuwa mwaka 2022. Wengi wenu mwaukumbuka mwaka ule. Mvua ilikuwa imetukosa msimu baada ya msimu tangu mwisho wa mwaka 2020, na huku kwetu nyikani mahindi yalikuwa yakichomoza shina kama kidole, kisha yanakauka. Mbuzi walikuwa wakila makaratasi. Katika mwaka huo Mama Mchungaji, yaani mama wa nyumba yetu, alishikwa na malaria kali, akalazwa siku kadhaa. Aliporudi nyumbani homa ilikuwa imekwisha, lakini hamu ya chakula haikurudi naye. Tulimpikia uji, akaonja, akauweka chini. Tukamtafutia yai, akaligeuza kwenye sahani. Watoto wakaanza kutembea kwa kunyata ndani ya nyumba, na mtoto akinyata bila kuambiwa, jueni ameona jambo.

Siku ya Alhamisi akina mama wa kanisa walikuja kumjulia hali. Walikaa naye uani chini ya mwarobaini wakichambua maharagwe, wakazungumza haya na yale. Mmoja akamwuliza, kama watu wanavyoulizana, “Mama Mchungaji, sasa wewe ungekula nini?” Naye akacheka kidogo, akasema kwamba kama angepata kimanga cha mama yake, cha ndizi za nyuma ya nyumba, kilichopikwa kwa kuni katika lile jiko la moshi, labda angekula. Basi wote wakacheka. Kwao ni juu mlimani, upande wa Werugha, ambako kuna baridi na ukungu na migomba, na hapa tulikuwa Kishushe katika vumbi. Kwa wale wasiokijua, kimanga ni chakula chetu Wataita: ndizi au mihogo na maharagwe, vikapikwa pamoja na kupondwa mpaka viwe kitu kimoja. Si chakula cha karamu. Ni chakula cha nyumbani.

Sisi nasi tulikuwapo. Tulikuwa kizingitini tukisoma barua, tukayasikia maneno hayo kwa masikio yetu, tukageuza ukurasa. Twawaambieni jambo hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu lisiposemwa hadithi hii haina maana. Tumekaa na mama huyu katika nyumba moja miaka kumi na tisa. Maneno yake yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Jumamosi jioni, jua likishuka, mbwa akabweka. Tukatoka. Tukawaona akina mama watatu wakija njiani polepole, wamejaa vumbi hata kwenye nyusi. Mmoja wao ni mjane. Wa pili anauza nyanya kwenye kibanda kando ya barabara. Wa tatu ni mke kijana, naye alikuwa na mtoto mgongoni. Mjane alikuwa amebeba kitu kilichofungwa kwa leso, amekikumbatia kama mtu anayebeba mtoto wa mtu mwingine. Akakiweka juu ya meza, akafungua leso, na ndani yake mlikuwa na sufuria kuukuu, nyeusi kwa masizi, kifuniko chake kimefungwa kwa kamba ya mgomba.

Mama Mchungaji alikuwa ameketi pembeni. Hakuuliza ni nini. Aliitambua sufuria. Ile sufuria ilikuwa na kibonye ubavuni, na kibonye hicho yeye mwenyewe alikipiga alipokuwa msichana, siku alipoiangusha mtoni. Akainuka, akafungua kamba, akainua kifuniko, na ule moshi wa jiko la mama yake ukajaa nyumba nzima. Alilia, wapenzi wasikilizaji. Akalia kwanza, kisha akanawa mikono, akala. Alikula mbele yetu sote, akamega tena, na watoto wakasimama mlangoni wakimtazama mama yao anakula kana kwamba ni maajabu.

Baadaye tulipata habari yote kwa vipande vipande. Walikuwa wameondoka kabla ya mapambazuko. Mwenye pikipiki aliyekubali kuwapeleka alifika mahali, akasimama, akazima taa, maana kundi la ndovu lilikuwa limekaa barabarani. Mwaka ule wa ukame ndovu walikuwa wakisogea karibu na watu wakitafuta maji, na mtu hawezi kubishana na ndovu aliye na kiu. Mwenye pikipiki akageuza, akarudi. Wao wakangoja vichakani mpaka kukapambazuka na ndovu wakaondoka, kisha wakaenda kwa miguu mpaka walipopata gari. Wakapanda mlima. Nyumba ya mama mkwe wetu hawakuijua. Walikuwa wakiuliza mlango kwa mlango. Wakamkuta bibi kizee, umri wake umepita miaka themanini, ameketi juani. Walipomweleza walilojia, hakuuliza mengi. Aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba, akaonyesha mkungu wa kukatwa. Wakamkatia ndizi na kuni, wakateka maji, lakini mwiko hakumpa mtu.

Sasa sikilizeni tulilolifanya sisi. Tulipokuwa tumesimama pale, tumeshangaa, hatujui tuseme nini, mkono wetu ukaenda mfukoni. Tukatoa noti tuliyokuwa nayo, tukasema kwa sauti ya upole ile ya kichungaji, “Mmetumia nauli kiasi gani, mama? Haifai mpate hasara kwa ajili yetu.”

Nyumba ikanyamaza. Mwenye kibanda akatazama chini. Yule mjane akafunga leso yake pole pole, akasema, “Mchungaji, kwani tulikuja kuuza?”

Hawakukasirika. Hilo ndilo lililotuuma zaidi. Walikunywa maji, wakaaga, wakaenda zao, na furaha waliyoingia nayo mlangoni hawakutoka nayo. Walipokwisha kwenda, Mama Mchungaji, ambaye kwa siku nyingi hakuwa na nguvu ya kusema, akapata nguvu. “Baba watoto,” alisema, “umetaka kuwalipa kama makuli.”

Tuliilala siku hiyo vibaya. Tukajiuliza, kwa nini mkono ulikwenda mfukoni? Jibu la kwanza lililokuja lilikuwa zuri: tuliwahurumia, kwa maana wao ni maskini na wakati ni wa njaa. Lakini usiku ni mrefu, na jibu la kwanza halikudumu. Kweli ni kwamba sisi wachungaji tumezoea mkono wa juu. Sisi ndio tunaoombea, tunaogawa unga wa msaada, tunaozika, tunaotoa neno la faraja. Tumehubiri mara nyingi juu ya heri ya mtoaji, nasi tukajiweka katika heri hiyo kila Jumapili. Siku ile mjane alitutangulia. Alikuwa ametenda kwa mke wetu jambo lililotupasa sisi, na ile noti ya mfukoni ilikuwa ya kutuondolea aibu, haikuwa ya kumwondolea hasara. Wazee husema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hatujasikia methali inayosema kupokea ni moyo, lakini twadhani ingefaa iwepo.

Ndipo tukaikumbuka habari ya Daudi, ile tuliyoiandika kuwa somo letu. Daudi alikuwa amejificha katika pango la Adulamu, wakati wa mavuno, na jeshi la Wafilisti lilikuwa limeushika mji wa Bethlehemu, mji wa kwao. Naye akatamani maji. Si maji yoyote, maana mtu hawezi kukaa pangoni na watu wake bila maji. Alitamani maji ya kisima kile kilicho karibu na lango la Bethlehemu, kile alichokinywea alipokuwa mtoto wa kuchunga kondoo. Hakumwagiza mtu. Alisema tu, kama mtu anavyosema akiwa mbali na kwao. Watu watatu katika mashujaa wake wakasikia, wakapenya katikati ya majeshi ya adui, wakateka maji, wakayaleta. Naye Daudi hakuyanywa. Aliyamwaga chini mbele za Bwana, akasema kwamba hayo kwake ni kama damu ya watu waliokwenda wakijua wanaweza kufa.

Tulipokuwa katika chuo cha theolojia mwalimu wetu alituuliza kama Daudi alitenda vema. Darasa likagawanyika, na bishano likaendelea mpaka kengele ya chakula. Sisi tulikuwa upande wa wale waliosema alitenda vibaya. Watu wamehatarisha maisha yao, wewe unamwaga! Tulikuwa vijana, na twadhani tulikuwa tukimwona Daudi kama mtu asiye na adabu ya mgeni. Sasa tumefika umri wa kuvaa miwani, nasi tumebadili mawazo yetu. Tazameni jambo ambalo Daudi hakulifanya. Hakuwauliza wametumia kiasi gani. Hakuwapa fedha, wala hakuwaongezea cheo papo hapo ili wawe sawasawa. Hakusema, msingalijisumbua. Aliyatazama yale maji, akaona bei yake, akakiri kwamba bei hiyo hana, wala hatakuwa nayo kamwe. Kwa hiyo akampa yeye peke yake anayeweza kupokea kitu chenye bei ya namna hiyo. Wale mashujaa watatu walirudi kwenye nafasi zao wakijua kwamba bwana wao ameelewa.

Sisi hatukumwaga kimanga. Kimanga hakimwagwi wakati wa njaa, na Mama Mchungaji asingeturuhusu.

Hata Mtume Paulo kupokea kulimsumbua. Someni wenyewe mwisho wa waraka wake kwa Wafilipi. Alikuwa kifungoni, na rafiki zake wa Filipi wakampelekea zawadi kwa mkono wa Epafrodito, ambaye katika kazi hiyo aliugua karibu kufa. Paulo anashukuru, kisha anaeleza kwamba hakuwa na shida sana, kisha anashukuru tena, kisha anasema hakuwa akiitafuta zawadi. Twamwona mtu mwenye mkono wa juu akijifunza kuugeuza. Twampenda zaidi kwa sababu hiyo.

Lakini mtu asidhani kwamba jambo hili ni la Wayahudi wa kale na la Kishushe peke yake. Iko habari ya nchi yetu Kenya ambayo watoto wetu waliozaliwa juzi huenda hawaijui, nasi twataka kuieleza kwa kituo.

Mnamo tarehe 11 Septemba mwaka 2001, ndege zilizotekwa zilipigishwa katika majumba mawili marefu ya mji wa New York huko Marekani, na mahali pengine pia, wakafa watu karibu 3,000. Siku hiyo kijana wa Kimasai, Kimeli Naiyomah, alikuwa New York. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, katika jimbo la California, na kwao ni Enoosaen, karibu na Kilgoris, upande wa Trans Mara. Aliyaona mambo ya siku ile kwa macho yake. Mwaka uliofuata, 2002, alirudi nyumbani, akaketi na wazee, akawasimulia. Walikuwa wamesikia redioni kwamba kuna maafa, lakini wengi wao hawakuwa wameona picha. Sisi Wakenya si wageni wa msiba wa namna hiyo. Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani ulipigwa bomu pale Nairobi, wakafa watu zaidi ya 200, na wengi wa waliokufa walikuwa ndugu zetu. Lakini kwa wazee wa Enoosaen ile ya New York ilikuwa habari ya mbali, mpaka ilipoletwa na mtoto wao aliyekuwako.

Kimeli alikuwa na ng'ombe wake. Akawaambia wazee kwamba anataka kumtoa kwa watu wa Marekani, wamfariji, akaomba baraka zao. Ninyi mnaowajua Wamasai mwajua maana ya neno hilo. Ng'ombe kwao ni chakula, ni mahari, ni jina la mtu, ni kitu cha kumfuta machozi aliyefiwa. Wazee hawakumbariki tu huyo mmoja. Wengine nao wakasimama wakatoa, na ng'ombe wakawa 14. Mwanzoni mwa Juni mwaka 2002 afisa mkubwa wa ubalozi wa Marekani alisafiri kutoka Nairobi kwa barabara mbaya mpaka Enoosaen, akakabidhiwa ng'ombe hao kwa sherehe na maombi, mbele ya mamia ya watu.

Fikirini kidogo. Marekani ina ng'ombe kwa mamilioni. Haikupungukiwa nyama wala maziwa. Mtu wa hesabu angesema zawadi hiyo ni bure. Lakini watu wa Enoosaen hawakujiuliza Marekani ina nini. Walijiuliza mtu aliyefiwa hupewa nini, wakampa hicho. Wamarekani wengi walipozisikia habari hizo waliguswa sana, na mwaka 2009 zikaandikwa kitabu cha watoto huko kwao.

Na serikali ya Marekani ilifanya nini? Jambo la kwanza, mkono wake nao ulikwenda mfukoni. Hatuwacheki, tumekwisha kuwaambieni yetu. Yule afisa alishukuru kwa moyo, kisha akaeleza kwamba kuwasafirisha ng'ombe itakuwa vigumu, kwa hiyo huenda watauzwa, na kwa fedha zao zinunuliwe shanga za Kimasai zipelekwe Marekani. Ni wazo la akili kabisa. Mtu wa ofisi angeliwaza hivyo, na sisi katika nafasi yake tungeliwaza hivyo. Lakini wako Wamarekani walioandika kusema, la, twawataka ng'ombe. Walikuwa wameelewa kwamba ng'ombe aliyebarikiwa kwa ajili ya msiba wako hauzwi. Hatimaye ng'ombe walikaa Enoosaen, wakichungwa na wenyewe waliowatoa, lakini ni wa watu wa Marekani, nao wakazaana. Mwaka 2006 balozi wa Marekani alikwenda huko, na ukatangazwa msaada wa karo kwa watoto 14 wa Enoosaen, mtoto mmoja kwa kila ng'ombe. Miaka minne ilikuwa imepita. Hapo hatuoni malipo. Mtu anayelipa hakai miaka minne. Tunaona rafiki aliyekaa na zawadi kwa muda, akaitazama, akaielewa, kisha na yeye akafikiri hawa rafiki zangu wangependa nini.

Basi turudi Kishushe.

Siku ya Jumapili, baada ya ibada, tulikwenda kwa wale akina mama watatu, nyumba kwa nyumba. Twawaambieni kwamba ilikuwa safari ngumu, ingawa nyumba ya mbali haina mwendo wa nusu saa. Desturi ya mchungaji ni kwenda na kitu, kilo ya sukari au majani ya chai, na mikono yetu ilikuwa mitupu, nasi tuliiacha mitupu makusudi. Tulifika kwa mjane mwisho. Tukamwambia, “Mama, jana tulikukosea. Tumekuja kusema asante, maana jana hatukusema.” Akatuangalia. Akasema, “Ketini, Mchungaji.” Akaenda akatupikia chai. Mwaka ule maziwa yalikuwa haba, na tuliyaona yale maziwa, kiasi cha kijiko, jinsi alivyoyamimina yote katika kikombe kimoja, na kikombe hicho akakileta kwetu. Mkono ulitaka kusema hapana. Tukaunyosha, tukapokea, tukanywa mpaka chini.

Ikabaki sufuria. Nanyi mwajua desturi yetu, chombo cha mtu hakirudi kitupu. Sisi tulikuwa tumepanga iwe imerudi mlimani kabla ya wiki kwisha, imejazwa unga na sukari, ili jambo lifungwe. Mama Mchungaji akakataa. Akaisugua masizi kwa mchanga, akaiweka juu ya kabati, chini ya zile saa zetu nne. Tulipomwuliza itakaa pale mpaka lini, alisema, “Mpaka niwe na kitu.” Tukasema unga na sukari ni kitu. Akasema unga na sukari vinauzwa dukani. Wageni walioingia waliitazama ile sufuria yenye kibonye imekaa mahali pa heshima, nao hawakuuliza, wakidhani labda ni mambo ya wachungaji.

Ilikaa pale miezi mingi. Mvua za vuli za mwaka ule nazo zilitupita. Mwaka 2023 masika yalileta mvua, si nyingi, lakini ilitosha. Mama Mchungaji alipanda pojo katika kishamba nyuma ya nyumba, akazilinda kwa debe la kupigwa usiku, na alipovuna alizipepeta mwenyewe, akatoa chafu na mawe, mpaka zikang'aa. Mama yake azipenda sana pojo, na juu kule kwenye baridi hazistawi. Akaijaza sufuria hadi ukingoni, akafunga kifuniko kwa kamba. Kisha hakusema nasi. Alituma mtoto kwa mjane, na kwa mwenye kibanda, na kwa yule mke kijana, ambaye mtoto wake sasa alikuwa akitembea. Wakaondoka wote wanne asubuhi, wamevaa leso zao nzuri. Ndovu hawakuonekana.

Sisi hatukwenda. Hatukualikwa, tena mtu alihitajika kubaki na mbuzi. Lakini walirudi jioni na habari, wakicheka tangu njiani. Walipofika, bibi alikuwa ameketi juani mahali pale pale. Binti yake alitangulia na sufuria kichwani, akaja akapiga magoti mbele yake. Bibi akachungulia juu ya bega la binti yake, akawatafuta kwa macho wale watatu, akawanyoshea mikono wao kwanza.

Mungu awape usiku mwema.